Kanzu nyeupe, batamaji mweupe: kupiga picha familia ya ndege kwenye ziwa la Alster

Kanzu ya Idi ndiyo iliyonifundisha kumpiga picha batamaji. Nilikuwa kijana wa studio Tanga, chumba kimoja chenye pazia la buluu na viti viwili vya plastiki, na kila Idi foleni ya watoto wenye kanzu mpya ilifika barabarani. Mzee aliyenifundisha kazi alinionya jambo moja: kanzu ikitoka haina mikunjo, hujapiga picha ya mtoto, umepiga picha ya shuka. Wateja walivumilia picha yenye giza kidogo. Ile ambayo weupe umeungua mpaka darizi ya kifuani haionekani, waliirudisha mezani na kudai pesa yao, nao walikuwa na haki.

Sasa naishi Hamburg, Ujerumani, nafanya kazi ya zamu ghalani, na asubuhi zangu nyingi za Mei na Juni huzimaliza nimelala kifudifudi kwenye gati la mbao kando ya Alster, nawangoja batamaji na makinda wao. Tatizo ni lilelile la kanzu. Ndege mzima ni mweupe, lakini sehemu ya uso kati ya jicho na mdomo ni nyeusi, na jicho lenyewe, dogo na la giza, limekaa ukingoni mwa weusi huo. Ubavuni wamejibanza makinda wa rangi ya majivu. Ni bwana harusi wa Tanga aliyevaa kanzu, amesimama na wadogo zake. Siku nilipoliona hivyo ndipo picha zangu za ziwani zilipoanza kuwa picha.

Kwa ambaye hajawahi kumwona: batamaji si bata bukini, ingawa ni wa ukoo mmoja. Afrika Mashariki neno lake tunalo, ndege mwenyewe wa porini hatuna. Huyu wa Alster kisayansi huitwa Cygnus olor. Ana shingo ndefu anayoipinda, na mdomo wa rangi ya chungwa wenye nundu nyeusi karibu na paji. Dume aliyekomaa hufika kilo 10 na zaidi, na akikunjua mabawa hupita mita 2 kutoka ncha hadi ncha. Nundu ya dume ni kubwa kuliko ya jike, tena huvimba zaidi majira ya kuzaa, kwa hiyo wakiwa bega kwa bega utawatofautisha. Ujue kutofautisha kabla hujainua kamera. Katika familia nilizozifuata, mara nyingi mama hutangulia, makinda wakamfuata kwa mstari, baba akabaki nyuma au pembeni akilinda. Ukijua nani ni nani, utajua wapi pa kuacha nafasi kwenye fremu kabla hawajafika.

Alster ni mto uliozuiwa zamani katikati ya mji kwa ajili ya kinu, maji yakatanda yakawa ziwa. Sehemu kubwa, Außenalster, ina hekta 160 hivi, na njia ya kuizunguka kwa miguu ni kilomita 7 na kidogo. Batamaji wake wana mlezi anayelipwa na mji. Cheo hicho kipo tangu 1674, na wenyeji humwita Schwanenvater, yaani baba wa batamaji. Ndege hawa wamekua karibu na binadamu, hivyo huhitaji lenzi ya bei ya gari kuwapata. Lakini kule kuzoea watu ni amana waliyojengewa na vizazi vya walezi, na mpiga picha mmoja asiye na subira anaweza kuiharibu kwa asubuhi moja.

Anza na kalenda, kamera ifuate. Machi na Aprili jozi hutafuta mahali, hasa kwenye mifereji ya pembeni na kwenye matete, na kujenga kiota kikubwa cha mabua. Jike hutaga mayai kama 5 hadi 8, pengine pungufu, na huanza kuatamia kwa dhati yakishatimia. Ndiyo maana makinda huanguliwa karibu kwa pamoja. Kuatamia huchukua siku 35 hadi 38 hivi. Basi mimi nikimwona jike ametulia kiotani kila ninapopita, asubuhi na jioni, naandika tarehe ukutani jikoni na kuhesabu siku 36. Kuanzia siku ya 34 naomba zamu za mchana. Makinda hukaa kiotani siku moja au mbili tu, kisha mama huwashusha majini, na siku kumi za mwanzo ndizo zenye picha zisizorudi tena mwaka huo. Kiota chenyewe sikipigi picha nikiwa upande wake wa ukingo. Nakitazama kwa lenzi nikiwa ng'ambo ya mfereji, dakika mbili, naondoka.

Chagua jozi moja. Wageni wengi hulizunguka ziwa lote, wanapiga kila ndege anayepita, wanarudi na picha mia tatu za ndege mia tatu wasiojuana. Jozi moja ina ratiba. Asubuhi hula magugu ya maji penye kina kifupi, jua likipanda hutoka kujisafisha manyoya kwenye mteremko uleule, halafu hulala. Asubuhi mbili za kwanza huwa siwashi kamera kabisa. Nakaa na daftari dogo: saa ngapi wamepita chini ya daraja, wamegeukia upande gani, wametokea wapi nchi kavu. Asubuhi ya tatu nawatangulia. Batamaji unayemfuata atakupa picha za mkia, na akichoka kufuatwa atawapeleka makinda katikati ya ziwa usikofika. Ukimngoja mahali anapopita mwenyewe, atakuja na uso wake, na watoto wake watakuja hali wametulia.

Sasa saa. Katikati ya Juni, Hamburg, jua huchomoza saa kumi na moja kasoro dakika kumi alfajiri kwa saa zetu, na huzama karibu saa nne usiku. Miaka ya mwanzo niliona ni jambo la ajabu, sasa naliona ni zawadi: mtu wa zamu anaweza kupata mwanga mzuri kabla ya kazi au baada yake. Asubuhi napendelea ukingo wa mashariki, upande wa Schwanenwik na Schöne Aussicht, kwa kuwa jua liko mgongoni na ndege anaangaziwa uso. Jioni nabaki upande huohuo lakini kwa sababu nyingine: jua linazama mbele yangu, maji yanakuwa shaba, na makinda wenye manyoya laini wanazungukwa na uzi wa mwanga pembeni ya mwili. Alfajiri ina faida moja zaidi. Wapiga makasia bado wachache, mashua za utalii zimefungwa, na ziwa limetulia kiasi kwamba shingo ya mama inaonekana mara mbili, juu ya maji na ndani ya maji.

Siku ya mawingu usikae nyumbani. Wingu jepesi ni kama lile pazia jeupe tulilotundika dirishani studio ili kulainisha jua la mchana. Manyoya meupe hupenda mwanga wa namna hiyo kuliko jua kali la saa sita. Mchana wa jua la wazi mimi nalala.

Shuka chini. Hili ningelirudia mara kumi kama lisingechosha. Ukisimama juu ya ukingo na kupiga kuelekea chini, utapata ndege aliyebandikwa kwenye maji kama stika, na nyuma yake uchafu wote wa ukingoni. Ukilala, lenzi ikawa kiganja kimoja au viwili juu ya maji, upeo unakwenda mbali, nyuma panakuwa rangi tupu, na kinda mwenye kimo cha ngumi anakuwa mtu kamili anayekutazama machoni. Chini ya lenzi naweka mfuko wa mchele wa kilo moja, nimeushona kwa kitenge cha zamani. Unaikumbatia lenzi vizuri kuliko stendi ya miguu mitatu, na haugongi mbao kwa kelele. Vaa suruali isiyopitisha maji, kwani gati la alfajiri lina umande na kinyesi cha bata bukini. Kamba ya kamera izungushe kiganjani mara mbili. Maji ya Alster si ya kina kirefu, lakini kamera haihitaji kina kirefu kufa.

Na sasa weupe wenyewe, ambao ndio moyo wa kazi hii.

Kamera haijui inatazama nini. Inapima mwanga wa fremu nzima na kuuvuta kuelekea kijivu cha wastani. Ukiwa na batamaji mdogo katikati ya maji meusi, kamera inaona giza tupu, inaongeza mwanga ili maji yawe kijivu, na ndege anaungua. Hiyo ndiyo kanzu isiyo na mikunjo. Hapo tumia kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ushushe mpaka -1, wakati mwingine -1.3. Kinyume chake, ndege akijaza fremu, kifua na mabawa pekee, kamera inaona weupe mwingi, inaogopa, inashusha, na batamaji anatoka kama kanzu iliyofuliwa kwa maji ya mtaro. Hapo panda +0.7. Asubuhi ya ukungu, ambapo maji, hewa na ndege vyote ni vyeupe, panda mpaka +1 huku ukichungulia kioo.

Shida ni kwamba familia haikai sehemu moja. Mama yuko kwenye kivuli cha mti, sekunde nne baadaye yuko juani. Ndiyo maana mimi nilishaacha kukimbizana na kipimo cha kamera. Kila kitu nakipanga mwenyewe kwa mkono. Napiga picha moja ya majaribio ya mtu mzima akiwa juani, natazama ule mwako wa onyo unaomweta penye weupe uliopotea, napunguza mpaka umwete nukta chache tu au usimwete kabisa, halafu nauacha. Jua likiwa limeshapanda kiasi na anga ni safi, kwangu mara nyingi inaangukia tundu la lenzi f/8, kasi ya shata 1/1000 ya sekunde, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, 400. Hizo zichukue kama mahali pa kuanzia. Ndege wote walio kwenye mwanga uleule watatoka sawa, awe mama mweupe au kinda wa majivu, maji yawe meusi au ya shaba. Mwanga ukibadilika, narudia jaribio. Studio tulifanya vivyo hivyo: taa ukishazipima kwa kanzu, huzigusi tena mpaka foleni iishe.

Piga kwa faili la RAW, yaani picha ghafi kabla kamera haijaitengeneza, kama kamera yako inalo. Kwenye JPEG, lile faili la picha la kawaida, unyoya ulioungua umekwenda. Kwenye RAW kuna akiba kidogo upande wa weupe, na kuna akiba kubwa zaidi upande wa giza. Kwa hiyo ukilazimika kukosea, kosea kwa giza. Kinda mwenye giza utamwinua baadaye, ila bawa lililoungua halina wa kulirudisha.

Kuhusu vifaa sina mengi. Nina kamera yenye kihisi kidogo cha mwanga, kiitwacho APS-C, na lenzi ya milimita 70-300 niliyoinunua mkononi mwa mtu. Pamoja zinanipa mvuto wa kama milimita 450, na batamaji mmoja anajaza fremu akiwa mita 20 hivi. Inatosha. Mwenye simu asivunjike moyo. Asitanue vidole kwenye kioo kuvuta karibu, maana simu nyingi zikipita lenzi zake hukata tu picha na kuipanua. Apige familia na mahali pake: minara ya makanisa ng'ambo, mti unaoinamia maji, mstari wa makinda. Aguse kioo juu ya ndege na kuburuta mwanga chini mpaka manyoya yaonekane. Nina picha ya simu iliyochapishwa na kutundikwa sebuleni kwa mama yangu Tanga, na wageni huiulizia kuliko zile za lenzi.

Kasi ya shata nayo inafuata wanachofanya. Waliolala, 1/250 inatosha. Wanaoogelea, 1/500 kwenda juu. Kinda anaonekana mpole lakini kichwa chake hakitulii, kwa hiyo kwa makinda sishuki chini ya 1/800. Mtu mzima akiinuka kupiga mabawa, 1/2000. ISO usiiogope. Punje za 1600 au 3200 zinavumilika, ila jicho lililotikisika halifai kwa lolote. Fokasi iweke kwenye jicho. Kama kamera yako inatambua macho ya ndege, iwashe, lakini ihakiki, kwa maana jicho la batamaji likiwa kivulini hupotea kwenye ule weusi wa uso, na mashine hukamata nundu badala yake. Mngoje ageuze kichwa mpaka nukta ya mwanga iingie jichoni. Bila nukta hiyo uso wote ni shimo jeusi kwenye kitambaa cheupe. Nafuta picha nyingi nzuri kwa kukosa nukta hiyo, na sijutii.

Kitu ambacho kila mtu anakitaka ni makinda mgongoni. Hutokea zaidi wiki ya kwanza, wakiwa wachovu au wamepata baridi. Hupandia kwa nyuma, kati ya mkia na bawa, na ukijifunza dalili zake utakuwa tayari: mama anapunguza mwendo, mabawa yanalegea na kuinuka kidogo kama mtu anayelegeza kanga mgongoni kumpokea mtoto, na kinda mmoja anaanza kuzunguka nyuma yake. Akipanda wa kwanza, usipige picha hamsini za mgongo unaopandwa. Subiri. Watajipanga, watazama ndani ya manyoya, na baada ya dakika chache kimya kitaingia, kisha kichwa kimoja kitachomoza kati ya mabawa kutazama nje. Hiyo ndiyo picha. Hapa tundu la f/5.6 halitoshi kuwatoa wote wawili wakiwa wakali, kwa sababu jicho la mama liko mbele na kichwa cha kinda kiko nyuma zaidi. Libane tundu mpaka f/8 au f/11, na ungoje mama awe ubavu kamili kwako ili macho yote yawe umbali mmoja. Acha nafasi mbele yake anakoelekea, na nyingine chini kwa ajili ya kivuli cha majini.

Kuna picha nyingine ninayoipenda zaidi ingawa haisifiwi sana. Wazazi hung'oa magugu chini ya maji kwa shingo zao ndefu na kuyaacha yaelee, na hupiga miguu papo hapo kuvuruga tope ili chakula kipande juu. Makinda huizunguka ile shingo iliyozama wakiokota. Mzazi akiinua kichwa, maji yanachuruzika mdomoni na makinda wanagombania kamba moja ya gugu. Ni watoto kwenye sinia moja. Hapa piga kwa mfululizo mfupi, picha nne au tano, achia kitufe, piga tena. Ukikibana kitufe muda mrefu, kamera itajaa na kuganda sekunde ileile kichwa kinapotoka majini.

Mama yangu nilimtumia picha ya kwanza kwa simu, akaniuliza, "Mwanangu, wazazi weupe namna hii, watoto mbona wamekaa majivuni?" Nikamweleza kwamba wengi huanguliwa hivyo, manyoya laini ya kijivu, kisha yanakuwa ya kahawia-kijivu, na weupe huja polepole katika mwaka unaofuata. Wapo wachache wanaoanguliwa weupe tangu mwanzo, na ukiwapata, waangalie miguu: huwa ya rangi hafifu ya waridi badala ya kijivu cheusi. Ukiwa nao wote wawili kwenye mstari mmoja, pima mwanga kwa yule mweupe.

Umbali. Hapa nitasema wazi kosa langu. Mwaka wangu wa pili nilisogea nikitambaa kwenye ukingo kuwakaribia makinda watatu waliokuwa nchi kavu wanajikausha, nikaona mama yuko majini, nikadhani nina njia. Sikuona kwamba nimeingia kati yake na watoto. Baba alikuja kutoka upande wa mfereji mabawa yameinuka juu ya mgongo kama tanga la jahazi, shingo imerudi nyuma, akisukuma maji kwa miguu yote miwili kwa pamoja. Makinda walitawanyika kwenye matete, na ilichukua karibu robo saa mama kuwakusanya kwa sauti yake ya chini ya puani. Robo saa ile kunguru wawili walikuwa juu ya mti. Makinda walirudi wote watatu, lakini sikupiga picha nyingine siku hiyo, na tangu hapo sheria yangu ni hii: kati ya mzazi na mtoto siingii, na kati ya familia na maji siingii.

Dalili za kukuambia umevuka mpaka huja mapema kuliko yale mabawa. Anaacha kula. Shingo inasimama wima. Anakutazama, anarudi kwenye shughuli zake, halafu anakutazama tena. Mara ya pili hiyo rudi nyuma kwa tumbo, polepole, mpaka aanze kula. Akishafikia kutoa mfoko wa hasira umechelewa. Na mabawa yaliyoinuka kwa ghadhabu, ingawa yanavutia mno kwenye picha, ukiyapata kwa kumchokoza umechukua nguvu ambazo alipaswa kuzitumia kulinda watoto dhidi ya adui wa kweli. Yangoje yatokee yenyewe: jirani yake akivuka mpaka wa eneo lake utayaona, tena kwa mwanga mzuri zaidi.

Mkate usiutumie kuwaita. Unawafunza makinda kukimbilia kila binadamu na kila mbwa aliye ukingoni, na picha yenyewe huonekana: vichwa vyote vimeelekea mkono ulio nje ya fremu.

Mabawa ya kujinyoosha, ambayo si ya hasira, yana ishara yake. Batamaji akimaliza kuoga na kujisafisha, hutikisa mkia, huinuka juu ya maji na kupiga mabawa mara tatu au nne. Ukimwona anaoga, panua fremu mara moja, kwa sababu fremu iliyombana akiwa amekaa itamkata ncha zote mbili. Makinda nao huiga, wanasimama na kupiga vijibawa ambavyo bado havina unyoya wa kurukia. Baadaye majira ya joto wazazi hupukutisha manyoya yao makubwa na hukaa wiki kadhaa bila kuweza kuruka. Ukingoni utaona unyoya mweupe umeelea, na hiyo nayo ni picha, ila wakati huo wape nafasi zaidi maana hawana pa kukimbilia ila maji.

Nyumbani kwenye kompyuta kazi yangu ni fupi. Nashusha weupe wa juu kabisa mpaka mistari ya unyoya ionekane, nainua kivuli kidogo usoni ili jicho lijitenge na weusi, na naondoa ubuluu wa alfajiri nusu tu. Batamaji wa alfajiri ana ubuluu kwa haki, kama kanzu iliyotiwa buluu ya kufulia. Ukimfanya mweupe wa sabuni, saa ya picha imepotea. Ukali usiuongeze kwenye manyoya ya makinda, yanageuka kuwa miiba.

Ukiwa Manyara au Naivasha, anza na bata wa Misri, yule wa kahawia mwenye doa la giza kuzunguka jicho. Huyo tunaye nyumbani, na Ujerumani naye ameshaenea, hata hapa Alster nawakuta na vifaranga vyao. Kulala chini, kungoja njiani na kutazama jicho ni vilevile. Weupe utaujifunza kwa yangeyange kwenye mashamba ya mpunga.

Mwaka wa batamaji wa Alster hufungwa Novemba. Mlezi na wasaidizi wake huja kwa boti, huwakusanya kwa utaratibu na kuwapeleka kwenye bwawa la Eppendorfer Mühlenteich, ambako maji huzuiwa yasigande wakati wa baridi. Watu hujaa madarajani siku hiyo. Mimi husimama mbali na umati, natafuta jozi yangu. Makinda wa mwezi wa tano wakati huo wana ukubwa wa wazazi, shingo ndefu, rangi ya kahawa yenye maziwa mengi, na mdomo bado haujapata rangi ya chungwa. Kila faili la picha naliandika tarehe na idadi. La kwanza mwaka huu linasema 24 Mei, saba. Juni katikati, watano. Julai, wanne. La mwisho nililipiga chini ya daraja, mvua ikinyunya, ISO 1600, na nilihesabu mara mbili kabla ya kuandika: wanne.